Msitutangazie filamu ambayo hamjaitazama

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno kuhusu ukurasa wenu wa Ijumaa, ule unaotaja filamu mpya za wiki. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi hapa Ipagala, Dodoma. Gazeti nalinunua asubuhi pale Sabasaba, na ukurasa huo ndio ninaouanza, kabla hata ya habari za Bunge ambalo liko hapa hapa kwetu. Nasema hivyo ili mjue kwamba anayewaandikia si adui wa ukurasa huo.

Mwezi Juni shule zilipofunga, mjukuu wangu wa miaka tisa alinisomea ukurasa wenu kwa sauti. Mlikuwa mmeandika juu ya filamu ya mtoto na punda wake. Mlisema familia nzima itavunjika mbavu, mkamalizia na neno "usikose". Kwetu huku punda tunaishi naye; anabeba maji, anabeba kuni, anavuta mkokoteni. Mjukuu wangu amekua akiwaona kila siku na anawapenda kuliko mbwa na paka. Akaukata ukurasa kwa mkasi wa mama yake, akauweka ndani ya daftari la hisabati. Wiki nzima wimbo ulikuwa mmoja: Babu, twende.

Tukaenda. Treni ya SGR imetusogezea Dar es Salaam, hilo nalishukuru, maana safari iliyokuwa ya kutwa nzima kwa basi sasa ni ya saa chache. Lakini nauli ya daraja la kawaida ni shilingi 31,000 kwa mtu mzima na nusu yake kwa mtoto, kwa hiyo kwenda na kurudi sisi wawili tulitumia 93,000 kabla sijagusa daladala, tiketi za sinema na bisi. Kwa mstaafu hiyo si hela ya kuchezea. Niliitoa kwa moyo mweupe.

Ukumbini niliangalia saa. Ni mazoea ya kazi niliyoifanya zamani, nitaieleza. Punda alitokea dakika ya nne. Dakika ya kumi na saba akauzwa. Kuanzia hapo filamu ikawa ni ya baba na mama wanaogombania nyumba mahakamani, na mama anaumwa. Maneno mengi, yote Kiingereza, bila tafsiri hata moja chini ya picha. Mjukuu wangu akanisogelea akaninong'oneza, "Babu, punda anarudi saa ngapi?" Nikamwambia anakuja. Sikuwa najua. Baada ya nusu saa akauliza tena, kisha akalala begani kwangu, bisi zikiwa bado mkononi.

Filamu yenyewe ni nzuri, nitoe haki yake. Pale mama anapofundisha watoto kupika kwa sababu anajua hatakuwepo, mimi mtu mzima nilifuta machozi. Ndiyo maana siitaji jina lake hapa. Kosa si la filamu. Mlitangaza filamu moja, tukakuta nyingine.

Niliporudi nyumbani nikatoa magazeti yenu ya wiki nne niliyokuwa nimeyahifadhi, nikausoma ukurasa ule pole pole. Nilihesabu filamu 14. Katika zote sikukuta mahali mwandishi anaposema ameitazama. Nilikuta "inaonekana", nikakuta "inatarajiwa kusisimua", nikakuta mara mbili "kwa jinsi trela ilivyo". Hapo nikaelewa. Mwandishi wenu ametazama kionjo, yaani hiyo trela, cha dakika mbili kwenye simu, kama sisi tu, kisha akatuambia twende au tusiende.

Sasa nieleze kwa nini jambo hili limenikaa kooni.

Kuanzia mwaka 1977 nilikuwa mwoneshaji wa sinema za gari katika mkoa huu. Vijana wa leo hawazijui. Tulikuwa wawili, dereva na mimi, ndani ya Land Rover, na jenereta, projekta ya milimita 16, shuka jeupe la kutundika, na makopo ya mikanda. Tulikwenda Mpwapwa, Kongwa, Mvumi, Kondoa. Wakati mwingine tulivuka hadi Manyoni. Mwaka 1979, ng'ombe walipoondolewa kwenye ardhi iliyoharibika kule Kondoa, tulipeleka filamu za kuhifadhi udongo kwa watu ambao mazizi yao yalikuwa matupu. Hiyo haikuwa kazi nyepesi.

Tukifika kijijini mchana, jambo la kwanza ni kutangaza. Kipaza sauti kiko juu ya paa la gari, tunazunguka pole pole, nasema "Mbukwenyi", salamu ya Kigogo, kisha naeleza jioni tutaonesha nini. Kionjo kilikuwa sauti yangu tu. Watu walioisikia walikwenda kuwaambia wengine, na giza likiingia unawaona wanatoka porini kwa makundi, kina mama na watoto mgongoni, wazee na vigoda vyao. Wengine walitembea saa mbili, tatu. Na hawakutembea kwa ajili ya filamu, kwa kuwa hawakuijua. Walitembea kwa ajili ya neno langu.

Mkuu wangu wa kazi alikuwa na sharti moja asilolegeza: huondoki na mkanda ambao hujautazama. Mkanda wa futi 400 unakwenda dakika 11, na filamu moja inaweza kuwa na mikanda mitatu au minne. Usiku wa kuamkia safari nilikuwa nakaa stoo peke yangu, naitupa picha ukutani, natazama yote hadi mwisho. Niliona anatuchosha bure.

Siku moja nilivunja sharti hilo. Gari lilichelewa kutoka gereji, jenereta ilikuwa imeazimwa, nikalisoma kopo tu. Karatasi ya juu iliandikwa mpira wa miguu. Tulipofika Mvumi nikatangaza mpira, tena nikatangaza kwa mbwembwe, nikaahidi mabao. Vijana walikuja hadi kutoka Handali. Nikafungua kopo mbele ya umati ule, nikafunga mkanda, na kilichotokea kwenye shuka ni kilimo cha pamba. Hakuna aliyenitukana. Hilo ndilo lililoniumiza. Walikaa kimya wakatazama pamba mpaka mwisho, halafu mzee mmoja akaja akanipa mkono, akasema, "Mwanangu, hukujua, eh?" Mwezi uliofuata tulirudi Mvumi na mpira wa kweli, nikiwa nimeutazama mara mbili. Waliokuja hawakufika nusu ya wale wa mwanzo.

Kwa hiyo mjukuu wangu aliponiuliza punda anarudi saa ngapi, nami nikajibu kitu nisichokijua, nilirudi Mvumi.

Najua mtaniambia zama zimebadilika, kwamba filamu zinaingia ukumbini siku ile ile gazeti linapotoka, na mwandishi hawezi kuziona zote mapema. Nakubali. Sisemi msiandike juu ya vionjo. Nasema mtuambie waziwazi kwamba mmeona kionjo tu, na mkisome kama kinavyopaswa kusomwa.

Maana kionjo ni tangazo la biashara. Hata jina lake la trela lina historia. Huko Marekani, mwaka 1913, lilianza kama kipande kilichooneshwa baada ya onesho kwisha, kinafuata nyuma kama trela linavyofuata kichwa cha lori. Baadaye wakagundua watu wanaondoka mapema, wakakihamishia mbele, jina likabaki. Siku hizi mara nyingi kinatengenezwa na kampuni nyingine kabisa, si aliyeihariri filamu, na wakati mwingine filamu yenyewe bado haijakamilika. Muziki unaousikia huenda usiwemo ndani. Picha unazoziona huenda zikakatwa. Filamu iitwayo Yesterday ya mwaka 2019 ilimwonesha mwigizaji Ana de Armas kwenye kionjo, na kwenye filamu iliyotoka hayumo kabisa. Mashabiki wawili waliolipa dola 3.99 kila mmoja kuikodi walikwenda mahakamani, na Desemba 2022 jaji alikataa hoja kwamba kionjo ni kazi ya sanaa isiyoguswa na sheria ya matangazo. Mambo yaliyofuata katika kesi ile ni marefu. Mimi nimelishika neno hilo moja la jaji.

Niliporudi Dodoma nilimwomba binti yangu anitafutie kile kionjo cha punda kwenye simu yake. Tulikitazama mara sita. Punda anaonekana katika vipande saba, anakula kofia, anaingia kanisani, anamburuza mtoto kwenye tope, kweli unacheka. Lakini katika vipande vyote saba mtoto amevaa shati lile lile la bluu, na lile tope la kwenye viatu vyake halijakauka. Maana yake vyote ni siku moja. Filamu ya karibu saa mbili, na punda wao ni wa siku moja! Tena mama anapita nyuma mara mbili, amejifunga kitambaa kichwani, hasemi neno. Mwandishi aliyezoea kazi angesimamisha picha hapo akajiuliza.

Kuna mengine niliyoyaona tangu nianze kuvichunguza. Kama hakuna mwigizaji anayeachiwa kumaliza sentensi, nina wasiwasi na mazungumzo yake. Kama ni vichekesho na wameweka vitano ndani ya dakika mbili, huenda ndivyo hivyo vitano. Filamu zetu za hapa nyumbani zina ugonjwa wa kinyume: kionjo kinakupa ndoa, usaliti, ajali na mazishi, ukimaliza huna sababu ya kununua tiketi. Nawaomba watayarishaji wetu wabakize kidogo.

Halafu kuna mambo ambayo hayahitaji kutazama filamu wala kionjo, yanahitaji kuuliza. Filamu ya kuoneshwa hadharani nchini hupita Bodi ya Filamu, kwa mujibu wa Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976, na hupangiwa daraja la umri. Kwa nini daraja hilo halimo kwenye ukurasa wenu? Andikeni umri. Andikeni lugha, na kama kuna tafsiri ya maandishi. Andikeni dakika. Mzazi wa Mlimani City, kule Dar es Salaam, akikosea anapanda daladala anarudi nyumbani, kesho anachagua nyingine. Sisi wa Dodoma, Singida na Manyoni tunaotoka huku na watoto tukikosea, tumekosea na nauli.

Na Ijumaa inayofuata, tafadhali mrudieni yule yule mwandishi. Mpeni hela ya tiketi aende akaketi na watu, atazame moja tu kati ya zile alizozitangaza, mpaka taa ziwake, kisha aandike mistari kumi: nilisema hivi, nimekuta hivi. Akikuta alikosea, aseme. Mimi nilirudi Mvumi nikasimama juu ya boneti la gari nikasema kwa kipaza sauti kwamba safari iliyopita niliwatangazia nisichokitazama. Wachache waliokuwepo walinipigia makofi, na mwaka ulipokwisha uwanja ulikuwa umejaa tena.

Mjukuu wangu bado anaukata ukurasa wenu. Ijumaa iliyopita ameniletea filamu ya tembo, mmeandika "itapendwa na watoto wote". Ameuliza kama tutakwenda shule zikifunga Desemba. Nimemwambia nimewaandikia barua kuwauliza tembo huyo anakaa kwenye filamu dakika ngapi, na tunasubiri majibu.

Wenu,
Mwoneshaji sinema mstaafu,
Ipagala, Dodoma