Ziara ya Daraja la Valentré Jumamosi

Ndugu wanakikundi,

Nawakumbusha kwamba Jumamosi tutakutana saa tatu asubuhi kwenye Daraja la Valentré, upande wa mjini Cahors, Ufaransa. Ujenzi wake ulianza mwaka 1308, na tangu 1998 limo katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, likiwa sehemu ya njia za mahujaji waendao Santiago de Compostela. Magari hayapiti juu yake, hivyo yaachwe mjini.

Tukifika mnara wa kati, inueni macho mkitafute kishetani cha mawe kilichong'ang'ania jiwe la pembeni. Kiliwekwa wakati wa ukarabati wa 1879, kufuatia hekaya kwamba shetani aling'oa jiwe hilo kila usiku. Watoto watakipenda, nadhani, kuliko maelezo yangu. Tafadhali asiwepo wa kukwangua mawe wala kuchora jina lake.