Dada, elfu arobaini haikuwa mshahara

Dada, shikamoo.

Naandika huku kwa sababu simu zangu hupokei. Mama anasema nikuache kwanza hasira ziishe. Nimekuacha tangu Mei 2025, na kila ninakopita nakutana na habari ileile, kwamba nimekurubunia dada wa kazi. Umemwambia shangazi, umemwambia mama mdogo wa Tabata, na kwenye kikao cha harusi Jumamosi iliyopita nimeulizwa mbele ya kamati nzima kama ni kweli. Umelisema hadharani, basi na mimi nalijibu hadharani.

Sijasahau wewe ni nani kwangu. Ada yangu ya kidato cha tano na cha sita ulilipa wewe, na godoro la bweni ulilikopa dukani kwa jina lako. Angekuwa mtu baki ningeshika hamsini zangu. Ni kwa sababu ni wewe ndiyo maana nimeshindwa kunyamaza.

Siku ile ya Mei Mosi 2025 tulikuwa wote sebuleni kwako. Sherehe za kitaifa zilikuwa Singida na runinga umeifungulia sauti mpaka mwisho. Rais Samia akatangaza kima cha chini kwa watumishi wa umma kinapanda kwa asilimia 35.1, kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kuanzia Julai. Ulipiga vigelegele, dada. Shemeji akakukumbatia. Nilifurahi pamoja nawe na sitaki mtu aseme vingine, kwa sababu naijua ile miaka ya kabla ya 2022, mlivyokuwa mnaingoja Mei Mosi na kurudi nyumbani mikono mitupu. Hata hiyo 370,000 ilikuja mwaka ule wa 2022, kabla ya hapo ilikuwa 300,000.

Binti alikuwa mlangoni, trei ya vikombe mkono huu, chupa ya chai mkono huu. Akasimama. Singida ni kwao. Mimi niliyekaa karibu na mlango nilimsikia akisema, kwa sauti ya chini kabisa, "Kwetu hapo." Alikuwa anatabasamu. Sijui kama uliwahi kumwona akitabasamu vile. Chupa ikamponyoka, ikapiga marumaru, kioo cha ndani kikavunjika vipande vipande na chai yote ikaingia chini ya zulia.

Hukuuliza kama ameungua. Ulisema huku macho yako yako kwenye runinga, "Hiyo elfu kumi na tano, nakata mwezi huu." Halafu ukachukua simu ukampigia mwenzako wa ofisini, mkaanza kupiga hesabu ngazi yenu nayo itapanda kwa kiasi gani. Mlicheka. Yeye yuko chini amepiga magoti, anaokota vioo kwa vidole na kuvitia kwenye upindo wa kanga, maana fagio lilikuwa nje na aliogopa kutoka.

Hilo, dada, sijaweza kulimeza.

Nilikufuata jikoni, nikakuuliza unamlipa ngapi. Ukasema arobaini. Nikadhani unatania. Arobaini ni kiwango cha amri ya mwaka 2013! Kilipitwa na Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara ya 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2023 na ndiyo iliyokuwa ikitumika mwaka 2025. Humo dada wa kazi anayelala kwa mwajiri ilikuwa shilingi 60,000 kwa mwezi, anayekuja asubuhi na kurudi kwake jioni 120,000, anayefanya kazi kwa afisa ambaye cheo chake kinampa stahili ya mtumishi wa nyumbani 200,000, na kwa mabalozi na wafanyabiashara wakubwa 250,000. Wewe ulikuwa kwenye kile kidogo kuliko vyote, na hicho nacho ulikuwa hukifikishi. Tena amri haikumkataza mtu kulipa zaidi.

Ukanijibu kwamba anakula bure na kulala bure. Lakini hicho chakula na kitanda vimeshahesabiwa, ndiyo sababu anayelala kwako aliwekewa nusu ya yule anayerudi kwake. Huwezi kumkata mara mbili kwa ugali uleule. Na kulala kwenyewe unakujua. Mtoto akilia saa nane usiku nani anaamka? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida hazizidi 9 kwa siku na 45 kwa wiki, na likizo ya mwaka ni siku 28 yenye malipo. Yule binti alikuja kwako 2022. Alikwenda kwao mara moja tu, kwenye msiba wa bibi yake, na nauli alikopa kwangu.

Hata ile chupa ina sheria yake. Kumkata mfanyakazi kwa sababu ya hasara unatakiwa kwanza umpe nafasi ya kujieleza, akubali kwa maandishi, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Robo ya arobaini ni kumi. Wewe ulikata kumi na tano kwa neno moja, chai haijakauka.

Halafu ukaleta habari ya Magomeni. Ukasema, "Mimi kwa shangazi nililala jikoni miaka minne sikulipwa hata senti, na leo nina digrii." Dada, mimi nilikuwepo. Ukija likizo nilikuwa nalala nawe kitanda kimoja. Nayakumbuka mikono yako ilivyokuwa imechanika kwa sabuni ya mche, na unakumbuka ulichoniapia usiku ule kabla ya kurudi. Sitakiandika hapa, kile ni chetu. Shangazi alikupa shule, sawa, na Mungu amlipe. Binti wa Singida ulimpeleka shule gani? Hata cherehani aliyokuomba umnunulie umkate kidogo kidogo, ulisema atakimbia akishajua kushona.

Nakubali maisha ni magumu. Sukari ilipopanda mwanzoni mwa 2024 hadi tukawa tunaitafuta kwa kujuana, nilikuletea kilo mbili mwenyewe. Najua pia hoja ya shemeji, kwamba serikali ikipandisha viwango watu watashindwa kuajiri na mabinti watarudi vijijini. Wapo ambao kweli hawawezi. Mwalimu aliyepanga vyumba viwili, ana mtoto wa miezi minne na mkopo wa benki, siwezi kumsimamia kichwani. Ila wewe si huyo. Kwenye kadi ya harusi ya mdogo wetu umeandika ahadi ya laki sita, na sare za kitchen party umeshalipia. Anayeweza hayo, elfu sitini kwa mwezi ilimshinda wapi? Mimi naona hiyo sitini yenyewe ilikuwa ndogo mno, mtu asingeweza kuweka akiba wala kutuma kwao kikaeleweka, na ningefurahi kama ingepandishwa maradufu. Wewe umepigania nyongeza yako kupitia chama chenu cha wafanyakazi, mkaandamana na mabango Mei Mosi. Wao wana CHODAWU, chama kinachowahusu wafanyakazi wa majumbani, lakini binti asiyeruhusiwa kutoka getini atakifikia saa ngapi? Anayeweza kumtendea haki bila chama wala mkaguzi ni wewe uliyemfungulia mlango.

Sasa hilo la kurubuni. Sikumtafutia kazi, wala sikumwita pembeni. Jioni ileile alinisindikiza kituoni akaniuliza, "Mama mdogo, ni kweli nyongeza ya Rais haituhusu sisi?" Ulitaka nimjibu nini? Nilimwambia ile ni ya watumishi wa umma, ila nao wana amri yao, na kiwango chake ni sitini. Basi. Hakusema kitu. Mwisho wa mwezi ulipompa elfu ishirini na tano mkononi, akafunga begi. Nyumba aliyohamia alitafutiwa na msichana wa jirani yako, na analipwa laki moja. Ningemficha, ningekuwa nashirikiana nawe kumdhulumu, na mimi ndiye anayeniita mama mdogo. Mama yetu anasema nilipaswa kukueleza wewe kwanza. Nilikueleza, jikoni, ukaniambia nisikupangie maisha kwa sababu ulinisomesha.

Ulinisomesha, ndiyo. Nilichosoma ndicho hiki ninachokuambia. Mimi mshahara wangu haufiki nusu ya wako, na anayenisaidia watoto anakuja asubuhi, anaondoka jioni, nampa 120,000 kabla sijalipa umeme. Kuna miezi nakopa ili nimlipe. Nakueleza ili usije ukasema naongea nisichokifanya.

Julai ile ilifika, nyongeza yenu ikaingia. Nimepiga hesabu yake. Kuanzia Januari 2023 hadi Mei 2025 ni miezi 29, na kila mwezi ulipunguza 20,000. Hiyo ni 580,000. Ongeza 15,000 ya chupa ya chai, inakuwa 595,000. Hiyo si zawadi, ni jasho lake ulilobaki nalo. Kama ni nyingi kwa mara moja, mtumie kwa mafungu, hata elfu hamsini kila mwezi, na mwambie ni ya nini. Ahadi ya harusi ukiipunguza hakuna wa familia atakayekusema, na bwana harusi mwenyewe nimeshaongea naye, kasema yeye hana neno.

Namba ya binti ni ileile uliyokuwa unampigia ukiwa kazini. Kikao kijacho ni Jumamosi saa kumi kwa mama mdogo, na mimi nitakuja. Nyanya chungu zako ziko kwenye friji yangu, nitakuletea.

Mdogo wako.