Usiku wa kwanza baada ya Baba kuwekewa stenti

Leicester, Uingereza

Kaka yangu mpendwa,

Assalaam alaykum. Nimepata habari kwamba Baba atawekewa stenti, yaani kijibomba cha wavu wa waya cha kuuweka mshipa wazi, katika mshipa wa shingo uliopungua upana, na kwamba akiendelea vizuri ataruhusiwa kurudi Mtongwe jioni ile ile. Rai yangu ni kwamba asivuke feri usiku huo.

Simtilii shaka daktari, kwani wapo wagonjwa wanaochaguliwa kwa uangalifu wakaruhusiwa siku hiyo hiyo kwa usalama. Lakini stenti inapotanuka hugandamiza sehemu ya mshipa inayopima presha, mwili ukadhani presha imepanda, na hapo mapigo ya moyo hupungua na presha huteremka, pengine kwa saa nyingi. Wodini kwetu nilimwona mzee aliyekuwa akizungumza vizuri kabisa. Alipoinuka kitandani apokee chai, akabadilika rangi na kulegea. Alinusurika kwa kuwa tulikuwa karibu naye, na sindano ya dripu ilikuwa bado mkononi. Damu nayo huweza kuvuja kinenani, pale stenti inapopitishiwa, na kipande cha mafuta kilichobanduka mshipani kikifika kwenye ubongo huleta kiharusi, ambacho hakingoji foleni ya feri ya Likoni.

Kwa hiyo mwombeni daktari amlaze hadi asubuhi. Ikishindikana, alale kwa Shangazi Kibokoni, na mtu mzima akeshe naye.

Muulizeni daktari pia kwa nini amechagua stenti badala ya upasuaji wa kuusafisha mshipa, maana Baba ameshapita miaka 70. Utafiti mkubwa wa CREST, uliotolewa mwaka 2010, ulionyesha kuwa stenti ilileta kiharusi zaidi na upasuaji ukaleta mshtuko wa moyo zaidi, na wazee walielekea kunufaika zaidi na upasuaji. Huenda ana sababu nzuri, kama vile hali ya moyo wake, lakini tuisikie.

Hata akirudi nyumbani salama, presha ipimwe kila siku, kwa sababu ubongo uliozoea damu kidogo huweza kulemewa na damu nyingi siku kadhaa baadaye. Akiumwa sana na kichwa upande uliotibiwa, akipata degedege, uso ukienda upande au mkono ukikosa nguvu, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Aspirini na klopidogreli, dawa za kuzuia damu kuganda, asiziache hata siku moja bila idhini ya daktari.

Nipigie mkishaonana na daktari, hata usiku wa manane.

Ndugu yako akupendaye,
Zuhura