Barua kwa Mwanangu Neema, Kabla Hujatia Sahihi

Nakuru, Jumapili jioni

Mwanangu Neema,

Salamu zangu na za mama yako. Huku hatujambo, ila goti la nyanya yako limemrudia na hataki kusikia habari ya hospitali.

Ujumbe wako wa Alhamisi niliusoma, nikampa mama yako simu ausome, nikatoka kwenda kuwapa kuku chakula nilichokuwa nimeshawapa. Kwamba umemaliza tasnifu yako ya matangazo ya siasa ya Marekani, nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika, na leo kanisani nimewaambia wote walioniuliza na wengine ambao hawakuniuliza. Lakini hili la kampuni ya Nairobi kukutaka uje uwatengenezee matangazo ya kampeni za uchaguzi wa Agosti 2027 limeninyima usingizi. Unasema mkataba umeshatumwa na wanautaka kabla ya mwisho wa mwezi. Hukusema mmeandikiana nini. Kwa hiyo nakuuliza: je, kuna kipengele kinachokuruhusu kukataa tangazo, ukabaki na kazi yako?

Usiseme baba haelewi kazi yenyewe. Zile sura tatu nilizichapisha mjini, nikazisoma kwa kalamu mkononi. Matangazo uliyoyaambatisha nimeyatazama yote, usiku, na vile visikilizio vyangu vya zamani masikioni. Nilikuwa sijui kwamba huko Norman, kwenye Chuo Kikuu cha Oklahoma, kuna hifadhi nzima ya matangazo ya siasa ya redio na televisheni, hiyo ya Julian P. Kanter, na kwamba binti yangu amekaa humo miaka miwili akiyapanga mawili mawili na kuyalinganisha. Kazi umeifanya kwa mikono misafi. Mtu akisoma anaona hukuruka ukurasa.

Sura ya 1952 ndiyo niliyoipenda. Nimefanya kazi ya sauti zaidi ya miaka ishirini, na sikujua kwamba Jenerali Eisenhower, alipogombea urais wa Marekani, alikaa studio New York siku moja akarekodi majibu ya matangazo 40, halafu ndipo wakatafutwa watu wa kawaida, watalii wa pale kwenye ukumbi wa Radio City Music Hall, wakarekodiwa wakiuliza maswali. Jibu lilitangulia, swali likafuata. Mtazamaji aliyekaa nyumbani kwake aliona mwananchi akimuuliza mgombea na mgombea akimjibu, kumbe wale wawili hawakuonana. Na huyo Rosser Reeves aliyebuni jambo hilo alikuwa mtu wa kuuza peremende na dawa za kichwa. Umeeleza vizuri sana mishono ilipo, jinsi macho ya mwulizaji yanavyotazama juu kidogo ili yakutane na macho ya mtu ambaye hayupo.

Ila Adlai Stevenson, mpinzani wa Eisenhower, umemwonea. Umemwita mtu ambaye hakukielewa chombo, kwa sababu alipendelea kununua nusu saa usiku na kusoma hotuba, akashindwa. Mwaka 1956 alisema hadharani kwamba kuuza wagombea kama nafaka za kifungua kinywa ni fedheha kwa demokrasia. Ni kweli chama chake mwaka huohuo kilinunua matangazo mafupi kama wenzao, na umefanya haki kulitaja. Lakini mtu anayesita mbele ya chombo si lazima awe hakielewi. Huenda amekielewa mapema.

Sasa nifike kwenye sura ya tatu, ndiyo inayonifanya nikuandikie barua badala ya kupiga simu. Umeweka pamoja tangazo la yule mtoto wa ua la 1964 na yale ya wafungwa ya 1988, ukasema yote ni ya aina moja, matangazo ya hofu, kisha ukayapima kwa jambo moja tu: lipi lilifanikiwa. Neno hilo la kufanikiwa nimelihesabu. Katika kurasa hamsini na mbili liko mara thelathini na moja.

Lile la 1964 nimelisikiliza labda mara kumi na tano. Kwanza ndege wanalia. Mtoto anachambua ua, anahesabu, na baada ya tano hesabu inamchanganya, nao wakaiacha hivyo hivyo. Mtu mwingine angesema turudie, apatie. Tony Schwartz alikuwa mtu wa sauti kwelikweli, alijua kosa la mtoto linafungua moyo wa msikilizaji. Kisha inaingia sauti ya mwanamume, ya chuma, inahesabu kumi kushuka hadi sufuri, picha inaingia ndani ya jicho la mtoto, na bomu linalipuka. Halafu Rais Johnson anasema lazima tupendane au tufe. Dakika moja. Mpinzani wake, Barry Goldwater, hatajwi hata mara moja. Kampeni ililipia lionyeshwe mara moja tu, kwenye televisheni ya NBC, usiku wa tarehe 7 Septemba, halafu habari za televisheni zikalirudia zenyewe bila malipo kwa sababu watu walikuwa wanaligombania.

Hofu ipo, sikatai. Lakini kinachoogopwa pale ni bomu, na mkono wa mtu mmoja utakaokaa karibu nalo. Goldwater alikuwa amepiga kura kuukataa mkataba wa 1963 wa kuzuia majaribio ya nyuklia, na alikuwa amesema mwenyewe kuhusu kuwapa makamanda wa NATO mamlaka juu ya silaha ndogo za nyuklia. Walikuwa na mahali pa kushika. Nami simsafishi Johnson. Aliomba kura kwa jina la amani, na Machi 1965 wanajeshi wa miguu walikuwa wanashuka Da Nang, Vietnam. Hilo ungeliandika. Hukuliandika, kwa sababu kura zilikuwa zimeshahesabiwa na tangazo lilikuwa limeshafanikiwa.

La 1988 ni jambo lingine. George Bush, yule baba, alikuwa anagombea urais na Michael Dukakis, gavana wa Massachusetts. Kikundi kilichokuwa nje ya kampeni ya Bush kilitoa tangazo lenye picha ya mfungwa mweusi, William Horton, aliyepewa ruhusa ya mwisho wa wiki kutoka gereza la Massachusetts, asirudi, akawatendea unyama wachumba wawili huko Maryland. Yaliyotendeka yalitendeka, wala simtetei. Lakini hata jina walimbadilishia, wakamwita Willie, na yeye mwenyewe alisema hakuwa na jina hilo. Kisha kampeni yenyewe ikatoa lake, lile la mlango wa kuzunguka, kwa picha isiyo na rangi, wafungwa wanaingia na kutoka. Humo Horton hatajwi. Hakukuwa na haja, watu walikuwa wameshamwona. Sauti inazungumzia wauaji wa daraja la kwanza, na wakati huohuo maandishi kwenye kioo yanasema 268 walitoroka. Mtazamaji anajumlisha mwenyewe, ilhali wengi katika hao 268 hawakuwa wauaji wa namna hiyo. Na mpango wenyewe ulianzishwa mwaka 1972 na gavana wa Republican, chama cha Bush mwenyewe, kabla Dukakis hajashika kiti. Mishono hii yote umeionyesha wewe, ukurasa wa arobaini na moja, tena vizuri. Kisha ukageuza ukurasa.

Neema, bomu halina jirani. Ukiwafundisha watu kuliogopa, halina nyumba ya kuchomwa. Ndiyo tofauti yangu mimi na sura yako ya tatu, na ndiyo sababu nauliza kuhusu kile kipengele. Siku watakapokuletea karatasi ya kutengenezea tangazo, na ukaona kwamba kinachoogopwa humo ni mtu wa aina fulani, utaweza kusema hapana? Na aliyekuajiri ameandika wapi kwamba unaweza?

Wewe mwenyewe umemnukuu Schwartz kwamba tangazo zuri halimpelekei mtu kitu kipya, linagusa kilichomo ndani yake tayari. Basi fikiria kilichomo ndani ya watu wa huku kwetu. Ukisema neno kama madoadoa, wanaloitwa watu wa kabila jingine, hapa Nakuru, huhitaji picha wala muziki. Ile video ya 2017 iliyoonyesha Kenya ya 2020 imeharibika kabisa eti kwa kumchagua marehemu Raila Odinga, shirika la kutetea faragha la Privacy International lilisema imetoka kwa kampuni ya matangazo ya Harris Media ya Austin, Texas. Waliotengeneza walikuwa mbali. Wewe utakuwa Nairobi, na sisi tutakuwa hapa, na Agosti ile nyanya yako hataweza kukimbia na goti hili.

Ya uchaguzi wa 2007, na tangazo nililolisoma mimi, yamesimuliwa na mama yako kwa namna yake, nami sikuwahi kumsahihisha. Mgombea mmoja aliniletea studio karatasi yenye mistari minne. Mstari wa tatu ulisema wenyeji kwanza. Niliusoma, nikasikiliza, nikaona umetoka mwepesi, nikaurudia ili upate uzito. Hakuna mtu aliyetukanwa humo. Hakuna kabila lililotajwa. Pikapu ilizunguka na kanda ile wiki tatu, hadi mtaa wetu. Mwisho wa Januari jirani yetu Mama Pacha alikuwa analala na watoto kule uwanja wa maonyesho, na yale maziwa unayakumbuka kwa kuwa uliyabeba wewe. Alipokea, akashukuru, hakuniangalia. Mama yako husema kanda haikuchoma nyumba ya mtu. Sijawahi kubishana naye. Ila katika sura yako ya mwisho umeeleza sheria ya Marekani ya 2002 inayomtaka mgombea ajitaje kwa sauti yake na kusema ameidhinisha ujumbe, nikasimamisha kusoma hapo. Mimi sikuombwa jina mwisho wa kanda ile, wala sikulitoa.

Umeandika pia kuhusu Lee Atwater, aliyeongoza kampeni ile ya Bush, kwamba alimwomba Dukakis radhi mwaka 1991 akiwa mgonjwa wa kansa ya ubongo, na mwaka huohuo akafa akiwa na miaka 40. Umeliweka kwa maandishi madogo chini ya ukurasa. Mimi ningelipandisha juu.

Kwa tangazo la Rais Reagan la 1984 sina ugomvi mkubwa na wewe. Hal Riney aliandika na akasoma mwenyewe, na sauti ile, jamani, ni kama mtu anayekuamsha bila kukugusa. Ni asubuhi tena Marekani, vijana 6,500 watafunga ndoa mchana huu, familia karibu 2,000 zitanunua nyumba leo. Unasema ni tangazo tupu. Kuna waliokuwa hawana kazi mwaka ule na hawakuonekana ndani yake, hilo kweli. Lakini hakuna mtu aliyeamka kesho yake akamwogopa jirani. Kama huko Nairobi watakupa kazi za namna hiyo, fanya, hata zikionekana tupu, nami nitakusikilizia sauti bila malipo.

Nisikufiche, nina lawama nyingine. Wewe hutia sahihi haraka. Ile nyumba ya Norman uliitia sahihi bila kusoma, ukalipa miezi miwili ya chumba ambacho hukulala. Mama yako alikutumia pesa bila kuniambia, nimejua juzi. Mkataba wa kazi si kodi ya chumba.

Mambo ya hapa. Tangi ulilotutumia pesa limefika na limewekwa, maji ya kaunti yanakuja Jumanne na Ijumaa, kwa hiyo sasa tunafikisha wiki. Ndugu yako amepata nafasi ya kuendesha matatu ya Gilgil, simfurahii dereva aliyemtangulia lakini gari ni zuri. Studio nimeifanya stoo ya chakula cha kuku. Trei za mayai bado ziko ukutani, mama yako anasema zinavuta mende. Mabati ya upande wa jikoni yameanza kuvuja, yale ya Krismasi ya 2007. Fundi anasema yabadilishwe yote. Mama yako anataka tupige rangi tusubiri mwaka mwingine. Mimi nataka yatoke, na kama una kitu cha kuongezea mwezi ujao, si lazima, lakini ningeshukuru.

Kijana wa Mama Pacha alipiga simu. Wanataka kuuza ile ploti, akauliza kama namjua mnunuzi mwaminifu. Parachichi la pale uani lilizaa sana mwaka huu, na sijamruhusu mtu kulikata. Nilimwomba namba ya mama yake, akanipa. Imeandikwa nyuma ya bahasha iliyo chini ya redio, wiki ya pili sasa. Usimwambie mama yako kwamba bado sijapiga.

Visikilizio vyangu sikio la kushoto limekufa. Ukiondoka huko, kama bei si mbaya, niletee vingine, vile vya kufunika sikio lote, sitaki vya kuchomeka.

Jumamosi sitoki. Nipigie saa tatu usiku ya huku, ambayo kwako bado ni mchana, uwe na mkataba mkononi, unisomee wote kipengele kwa kipengele, hata kama ni mrefu. Ukifika pale penye neno la kukataa, simama unisomee mara mbili. Na kama hapapo, usitie sahihi hadi tuzungumze.

Baba yako