Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama wa Chama cha Wakulima, Kongwa: Msimu wa 2023/24

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha mbele yenu taarifa ya shughuli za chama kwa msimu uliomalizika. Kamati ya Utendaji ilikutana kila robo mwaka, hesabu zilikaguliwa, paa la ghala lilikarabatiwa, na bwana shamba wa kata alitoa mafunzo ya kutumia mifuko ya kinganjaa, ile isiyopitisha hewa ya kuhifadhia nafaka. Kipimamvua, ambacho mimi binafsi nilikipigania kwa muda mrefu, sasa kimesimikwa kwenye uwanja wa ghala, kinasomwa kila siku saa 3 asubuhi na kiasi cha mvua kinaandikwa daftarini. Mambo haya mnayafahamu na sitayarudia.

Ninalotaka kulieleza kwa kina ni uamuzi wa Kamati wa Novemba 2023 wa kutumia Mfuko wa Mbegu kununua mtama badala ya mahindi. Uamuzi huu umesemwa sana, vikaoni na vilabuni, na wapo waliofikia kudai kwamba mwenyekiti amewanyima watu mavuno. Hoja yao inajulikana: Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikwisha kutangaza El Niño, mvua zikaja kweli, na waliopanda mahindi kwa fedha zao wenyewe wakavuna vizuri, ilhali waliochukua mbegu ya chama wamebaki na mtama ambao pale soko la nafaka la Kibaigwa haugombewi kama mahindi. Siyapingi mavuno ya mtu. Ninachoomba ni kwamba uamuzi upimwe kwa yale yaliyojulikana siku ulipofanywa, si kwa gunia lililopatikana miezi sita baadaye.

El Niño huelekea kuongeza mvua za vuli kaskazini mwa nchi yetu, Kenya na Somalia, na wakati huohuo kuzikausha nchi za kusini mwa Afrika. Sisi wa Dodoma tumekaa kati ya pande hizo mbili, na hakuna aliyeweza kutuhakikishia mwezi Novemba kwamba safari hii tungeangukia upande wa mvua. Tazameni yaliyowapata majirani zetu kwa El Niño hiyohiyo. Tarehe 29 Februari 2024 Rais wa Zambia alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa, baada ya wilaya 84 kati ya 116 kuathirika na karibu hekta milioni 1 za mahindi kuharibika kati ya milioni 2.2 zilizopandwa. Malawi ilifuata mwezi Machi kwa wilaya 23 kati ya 28, na Zimbabwe mwezi Aprili. Wale ni wakulima kama sisi, wanaotegemea mahindi kama sisi, na jembe lao ni hili hili.

Wala jambo hilo halikuishia kwao. Nchi yetu ilikubaliana kuiuzia Zambia tani 650,000 za mahindi, na mnajua wenyewe kwamba nafaka ikitakiwa kusini, malori hayachagui kama gunia limetoka Rukwa au Kibaigwa. Mwanachama anayeuza gunia lake la mwisho mwezi Juni akitegemea kununua debe mwezi Januari atakuta anashindana na wanunuzi wenye fedha kumzidi. Ndiyo maana Kamati ilitaka kila kaya iwe na chakula ambacho mnunuzi wa mbali hakikimbilii. Hicho mnachokiita kasoro ya mtama, kwangu ni akiba.

Tatizo letu, ndugu zangu, si uchache wa mvua peke yake. Dodoma hupata wastani wa milimita 500 na ushei kwa mwaka, zote katika msimu mmoja, nayo mahindi yanahitaji kati ya milimita 500 na 800 kutegemea mbegu na joto. Hivyo hata mwaka ukiwa wa kawaida, mahindi yanasimama ukingoni. Kinachotumaliza ni mpangilio wa mvua hiyo. Ikikatika wiki mbili au tatu mwezi Februari, wakati mahindi yanatoa mbelewele na nywele, chavua haishiki, na unapomenya gunzi unakuta punje za kuhesabu, hapa tatu na pale nne. Mvua ya Machi hairudishi kilichopotea. Mtama hukunja majani na kusubiri, na maji yakirudi huendelea pale ulipoishia. Hakuna aliyesoma daftari letu la mvua ambaye hajaona mapengo hayo, na nasikitika kwamba wengi wanaobisha hawajawahi kulifungua.

Sasa fedha. Mfuko ulikuwa na Sh 1,260,000. Kwa bei ya Sh 4,200 tulipata kilo 300 za mbegu ya mtama aina ya Macia, inayokomaa mapema, na kwa kilo 4 kwa ekari zilitosha ekari 75. Mbegu chotara ya mahindi ilikuwa Sh 14,000 kwa mfuko wa kilo 2. Fedha hizohizo zingetupatia kilo 180, yaani, kwa kilo 10 kwa ekari, ekari 18 tu. Nani angechaguliwa kupata hizo 18, na nani angeachwa? Swali hilo niliuliza kwenye Kamati, na sikupata jibu hadi leo.

Lipo pia suala la hifadhi. Dumuzi, mdudu mtoboaji wa nafaka ghalani ambaye wengi mnamwita scania, hupenda mahindi, na mahindi yaliyoanikwa vibaya baada ya msimu wa mvua nyingi huota ukungu. Mwaka 2016 sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu huo, iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Wazee wetu walioishi baada ya Mtunya, ile njaa ya 1917 hadi 1920, walikuwa na sababu ya kujaza vilindo kwa mtama na uwele. Majeshi ya Wajerumani na Waingereza yalikuwa yamechukua nafaka na mifugo, na mvua zilipokosekana hapakuwa na cha kushika.

Kuhusu kwelea kwelea, nakiri kwamba walitushambulia, lakini ratiba ya kulinda ndege niliiandika mimi na kuibandika mlangoni pa ghala mapema. Shamba la chama lilipofika hatua ya maziwa, punje zikiwa bado laini, siku nyingi walionekana watoto wawili na kombeo zao na debe bovu la kugonga, na watu wazima waliopangwa zamu hawakutokea. Watu haohao ndio waliosimama kueleza kwamba mtama unaliwa na ndege.

Mahudhurio hayaridhishi. Wanachama waliosajiliwa ni 94. Kikao cha kuamua juu ya mbegu kilihudhuriwa na 29, na waliolalamika zaidi hawakuwamo. Ada ni Sh 20,000 kwa mwaka. Waliolipa ni 41, sawa na Sh 820,000, na deni ni Sh 1,060,000, fedha ambazo peke yake zingenunua mbegu za ekari 63. Naomba wadaiwa walipe kabla mvua hazijaanza, kwa sababu katiba hairuhusu asiyelipa kupewa mbegu, na safari hii nitaisimamia.

Kwa msimu ujao tunatarajia, fedha zikiruhusu, kuongeza uwele na kunde, kutafuta mnunuzi wa mtama wa ziada, na kuzungumza na halmashauri kuhusu msaada wa kupambana na ndege. Wanaotaka mahindi wanaruhusiwa kuanzisha mchango wao wa hiari. Kamati haitawazuia.

Nawasilisha.

Mwenyekiti