Maoni ya Warusi kuhusu vita tusiyasome kirahisi

Ndugu Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wote.

Naona watu wanabishana sana wakisema Warusi wote wanaitaka hii vita ya Ukraine, eti kwa sababu kura za maoni za Levada, shirika la utafiti la huko Urusi, zinaonyesha zaidi ya asilimia 70 wanaliunga mkono jeshi lao. Jamani, tuangalie na mazingira wanayoulizwa hao watu! Tangu Machi 2022 kule kuna sheria, ukisema kitu kuhusu jeshi wakakiita uongo unaweza kula hadi miaka 15 jela. Diwani wa Moscow, Alexei Gorinov, alisema tu kwenye kikao kwamba watoto wanakufa Ukraine, akapigwa miaka 7. Sasa mtu usiyemjua aje nyumbani kwako akuulize unaunga mkono jeshi au la, utamjibu nini? Halafu Levada hao hao wakiuliza vita iendelee au mazungumzo yaanze, wengi huchagua mazungumzo, hilo mbona halisemwi?

Na Ukraine nako maoni yamebadilika. Gallup, shirika la kura za maoni la Marekani, mwaka 2022 walikuta asilimia 73 wanataka kupigana mpaka ushindi, 2025 asilimia 69 wakataka mazungumzo haraka. Wapo wanaoshangilia eti wamesalimu amri, hapana, watu wamechoka kuzika watoto wao, na kuchoka vita sio kukubali ardhi yako iporwe.

Naombeni sana, gazeti likiandika asilimia liandike na swali lenyewe lililoulizwa.

Msomaji wenu,
Morogoro