Jumamosi tunaichambua Cloverfield

Habari zenu wapendwa, kikao ni Jumamosi saa 2 usiku kwa video kol humuhumu kwenye grupu, tunaichambua filamu ya Cloverfield ya Matt Reeves, ile ya 2008. Ni dakika 85 tu, tafadhali msizime kabla ya muziki wa mwisho maana huko kote hakuna muziki wa kutisha, ni kamera ya Hud, yule mhusika anayerekodi, na makelele ya watu basi.

1. Wenye DVD muangalie ile miisho miwili mingine na sini zilizokatwa, mtusimulie
2. Wengine mje na sini moja iliyowatisha, mimi ni ya handaki la treni kamera ikiwekwa ya kuonea gizani, jamani!

Jibuni "nipo" kabla ya Ijumaa jioni, asiyeweza aseme mapema tusogeze.